Bahari ina kalenda yake: kuvua ufukweni Uingereza wakati wa winta

Ikifika Februari napokea meseji za aina moja. Mtu yuko Uingereza, mbongo mwenzangu, kaona video ya jamaa kasimama usiku pua nyekundu, kambeba chewa wa Atlantiki (cod kwa Kiingereza) mkubwa ajabu kifuani, basi na yeye moto umemwakia: "kaka na mimi nataka, baridi si ndo hii, nianzie wapi?" Na kila mara jibu langu linamkata stimu. Umechelewa. Wewe baridi ndo unaisikia sasa hivi, samaki kashamaliza mambo yake kashaondoka.

Shida ni kwamba watu wanapanga kuvua winta kwa kuchungulia dirishani, na dirishani unaona hewa, maji huyaoni. Bahari ni nzito bwana, inapoa kwa kujivuta na ikishapoa inachukua miezi kupata joto tena, kwa hiyo English Channel, ile bahari kati ya England na Ufaransa, inakuwa na joto lake la juu mwisho wa Agosti kuingia Septemba, nyuzi 17 au 18 hivi, wakati huku nchi kavu watu wameshaanza kutafuta masweta, afu inafika chini kabisa Februari na Machi, nyuzi 8 au 9, na ukienda North Sea ya kusini ambako maji hayana kina unaweza kukuta 5 au 6. Sasa Novemba wewe umejifunga skafu unaona dunia imekwisha, kumbe maji bado yana nyuzi 12 au 13 na chini kule watu wanakula sikukuu.

Huyu chewa ninayemsema ni yule mwenye kindevu kimoja kidevuni na mstari mweupe ubavuni, maji ya uvuguvugu hayataki. Kiangazi anajikalia mbali kwenye kina, na kuanzia mwisho wa Oktoba maji yakipoa anasogea karibu na ufukwe, anafuata dagaa na samaki wadogo na kaa na minyoo, hachagui, mdomo mkubwa tumbo kubwa. Novemba na Desemba ndo zake. Mwaka mpya ukishaingia wale wakubwa wanaanza kutoka kwenda kutaga mbali na pwani, kazi inayoendelea mpaka kama Aprili, na sio yeye peke yake, hata flaunda, samaki bapa anayeishi mdomoni mwa mito, anatoka kwenda baharini kutaga. Pleisi naye, samaki bapa mwingine, wanaotangulia kurudi mwisho wa winta wametaga wamekwisha, wembamba mpaka ukimnyanyua mmoja mbele ya tochi mwanga unapita. Ndo maana Februari na Machi ni miezi migumu kuliko yote, baridi kali na ufukwe mtupu.

Na zile video sasa, ukiangalia vizuri nyingi ni za Norway. Kule hesabu ni nyingine kabisa. Chewa wa Barents Sea, bahari iliyo kaskazini ya Norway, ndo wanashuka kwa mamilioni kuja kutaga kwenye visiwa vya Lofoten kati ya Januari na Aprili, kwa hiyo wenzetu winta iliyoiva ndo sikukuu yao, na pale Svolvær kuna mashindano ya dunia ya kuvua chewa kila Machi. Rekodi ya dunia ya chewa kwa fimbo na rili imetoka Norway, kilo 47, kisiwa cha Sørøya, 2013. Hao wanavua kwenye boti, juu ya kina kirefu, samaki yuko chini yako. Mtu anaangalia video ya boti ya Norway afu anaenda kusimama ufukweni Kent mwezi wa pili na fimbo ya kuvulia ziwani, halafu anasema Uingereza hakuna samaki.

Basi tuseme umekubali kuanza mapema. Kitu cha pili ni upepo, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Bahari ikiwa shwari na maji maangavu, chewa mchana haji karibu, na hata usiku anakuja kwa kujiiba. Unachotaka ni bahari ichafuke kwanza. Dhoruba ya kusini magharibi ikipiga Channel siku mbili tatu, mawimbi yanafukua mchanga na kokoto, yanang'oa minyoo, yanavunja kombe, yanawatoa kaa mafichoni, vyote vinabebwa na mkondo vinatupwa kwenye mabonde ya chini ya maji karibu na ufukwe, na maji yanakuwa na rangi. Chewa anajua. Anaingia kula. Lakini usiende dhoruba ikiwa juu, kwanza hutarusha kitu kikafika, pili chubwi halikai chini, tatu utakufa. Unakwenda inapoanza kutulia, upepo umegeuka unatoka nchi kavu, mawimbi yamelala lakini maji bado machafu. Hayo masaa ni machache, pengine usiku mmoja tu, na kama yameangukia Jumanne na wewe uko kazini basi ndo hivyo tena.

Nina mshkaji wangu tunavua wote, huyu mtu hana subira kabisa, akisikia upepo unapuliza tu anaandika:

"Oya mzee, bahari inanguruma huku, leo leo au sio?"

"Acha ingurume. Ifanye kazi yake kwanza."

"We nae. Samaki watashiba kabla hatujafika."

"Wale hawashibi."

Na kweli hawashibi. Ukipasua tumbo la chewa unakuta kaa wazima wazima, mchanga, samaki wengine, mara nyingine na jiwe.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Mimi napenda masaa mawili kabla ya maji kujaa kabisa na saa moja na nusu baada ya hapo, giza likiwa limeingia, na kwenye fukwe nyingi nachagua siku za bamvua, sio maji mafu, kwa sababu mkondo ukiwa na nguvu ndo unaosambaza harufu ya chambo. Ila hii haiko sawa kila mahali. Bristol Channel kwa mfano bamvua la pale ni balaa, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 14 kule juu Avonmouth, ni kati ya kubwa kabisa duniani, mkondo unakimbia mpaka chubwi zito linasombwa, kwa hiyo wenyeji wanasubiri maji yapunguze kasi. Lakini maji ya pale ni tope muda wote, giza tupu chini, ndo maana chewa wanakula hata mchana kweupe, na rekodi ya Uingereza ya chewa aliyevuliwa kutoka nchi kavu ni ya Barry, upande wa Wales wa maji hayohayo, samaki wa kilo 20 na kitu, mwaka 1966. Hakuna aliyeivunja mpaka leo na sijui kama itavunjwa.

Chesil ndo sehemu inayonitoa roho, kwa uzuri na kwa ubaya. Ni tuta la kokoto kule Dorset, kilomita 29, limenyooka, na kokoto zake zimejipanga zenyewe kwa ukubwa: upande wa West Bay ndogo saizi ya njegere, ukisogea kuelekea Portland zinakua mpaka unakanyaga mawe ya kujaza kiganja. Wanasimulia kwamba zamani wapitisha magendo wakitua usiku walikuwa wanashika kokoto tu wanajua wamefikia wapi. Kwa mvuvi raha yake ni kwamba kina kiko karibu, ufukwe unashuka ghafla, huhitaji kurusha mbali sana. Ubaya wake ni huohuo. Wimbi likivunjika pale linarudi kwa nguvu na kokoto zote za miguuni kwako zinaondoka nalo, na watu wamechukuliwa pale, wavuvi wenye uzoefu kabisa.

Dungeness kule Kent nako ni hivyohivyo, kokoto na kina, na zamani kulikuwa na sehemu maarufu mbele ya kinu cha nyuklia ambapo maji ya kupozea mitambo yalikuwa yanatoka ya moto, bahari inachemka juu na shakwe wamejaa, na samaki walikuwa wanakusanyika hapo winta nzima. Kinu cha mwisho kiliacha kuzalisha umeme 2018, na 2021 wakatangaza hakiwashwi tena, kwa hiyo mtu akikupa ramani ya zamani yenye hiyo sehemu mshukuru tu.

Sasa vyombo, nitasema kwa ufupi kwa sababu madukani watakuuzia vitu ambavyo huhitaji. Fimbo ndefu ya ufukweni, mita nne hivi. Mshipi mkuu wa ratili 15 unatosha. Chubwi la gramu 150 lenye miguu ya waya inayoshika mchanga. Lakini kipande cha mwanzo cha mshipi, kile kinachobeba nguvu ya kurusha, lazima kiwe kinene, kanuni ya watu wote ni ratili 10 kwa kila aunsi ya chubwi, chubwi la aunsi 5 hiyo ni ratili 50, na wengi wanaweka 60 kabisa. Hii sio mbwembwe. Chubwi hilo likikatika katikati ya kurusha linaruka na kasi ya kuua mtu, na ufukweni usiku hujui nani anapita na mbwa wake. Angalia nyuma, angalia pembeni, ndo urushe.

Chambo cha chewa mimi siamini kingine zaidi ya ile minyoo mikubwa myeusi ya mchangani. Inauzwa imefungwa kwenye gazeti, na ukianza kuishika vidole vinageuka njano ya kahawia na vinanuka dawa ya hospitali, rangi haitoki kesho yake hata usugue na ndimu. Unaichoma mmoja baada ya mwingine kwenye ndoana mpaka inakuwa kipande cha urefu wa kiganja, unazungushia uzi mwembamba wa lastiki ili isipasuke ikipiga maji, na ndoana ya pili unaiweka juu ili ishike kichwa cha chambo. Chewa hapendi vitu vidogo vidogo. Anataka mlo.

Na hiyo kazi yote unaifanya na vidole vilivyokufa ganzi. Watu wakiuliza baridi unaivumiliaje wanafikiria miguu na kifua, mwili ni rahisi, vaa sufu ndani, usivae pamba maana ikilowa inakugeukia, weka kitu cha kuzuia upepo juu, umemaliza. Vidole ndo mtihani. Huwezi kufunga fundo na glavu nene na huwezi kufunga fundo bila glavu, kwa hiyo mafundo yote nafunga nyumbani mezani, kila utambi wa ndoana na kipakiti chake, ufukweni kazi yangu ni kubadilisha tu. Na taulo kavu, mbili, moja ya samaki na moja ya kwangu ambayo mshkaji haruhusiwi kuigusa. Mikono ikilowa kwenye upepo wa nyuzi 3 hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai ni mradi.

Baada ya kurusha unaweka fimbo kwenye stendi, unakaza mshipi mpaka ncha inapinda kidogo, na unaanza kuangalia ile ncha. Nimeweka kipande cha plasta inayong'aa pale juu, tochi ya kichwani ikigonga inaonekana. Mwanzoni utaona inatikisika muda wote utasema samaki samaki, hapana, hiyo ni bahari, wimbi linasukuma linaachia, linasukuma linaachia, na baada ya nusu saa mwili wako unazoea ule mdundo mpaka unaweza kupiga stori bila kuangalia. Kisha kinakuja kitu nje ya mdundo. Waitingi, samaki mdogo wa ukoo wa chewa, anadonoa, ta-ta-ta-ta haraka haraka, hana adabu. Chewa mkubwa hafanyi hivyo. Ncha inainama mara moja kwa uzito, inatulia, afu ghafla fimbo inanyooka na mshipi wote unalegea unaanguka kwenye maji kama hakuna kitu. Mgeni anafikiri mshipi umekatika. Kumbe samaki kachukua chambo, kang'oa miguu ya chubwi mchangani na anakuja upande wako. Hapo unazungusha rili kwa nguvu huku unarudi nyuma kwenye kokoto mpaka uusikie uzito, na ukiusikia, aisee, kichwa kinagonga, dum, dum, polepole, hiyo ndo dawa ya baridi yote.

Kumtoa sasa. Usimvute wakati wimbi linarudi baharini, hapo unapambana na samaki na bahari kwa pamoja na bahari haishindwi. Msubirishe, wimbi linalofuata litambeba, kaza tu mshipi aje nalo, likimwacha juu ya kokoto mfuate haraka, usishuke kwenye maji.

Hii ya kushuka kwenye maji naomba niirudie maana sio utani. Kuna mtaalamu wa baridi wa Canada, Profesa Gordon Giesbrecht, ana kanuni yake ya 1-10-1: ukitumbukia kwenye maji ya baridi sana una dakika 1 ya kutuliza pumzi, maana kitu cha kwanza mwili unafanya ni kuhema bila ruhusa yako na ukihema uso uko chini ya maji umekwisha, una dakika kama 10 mikono na miguu ikikutii, na una kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Wengi hawafiki hata kwenye hiyo saa, wanaishia kwenye dakika ya kwanza. RNLI, wale waokoaji wa baharini, wanafundisha lala chali uelee, usihangaike kuogelea mpaka pumzi irudi. Simu ya dharura 999, uliza Coastguard. Mimi navaa jaketi la kujijaza hewa hata nikiwa nimesimama kwenye kokoto kavu, wananicheka, wacheke.

Sasa tuseme ukweli kuhusu chewa mwenyewe, maana nimemsifia kama vile wamejaa. Hawajajaa. Wa Channel na North Sea ya kusini hali yao mbaya, wamevuliwa kupita kiasi miaka na miaka, na maji yanavyozidi kupata joto watoto wao hawakui wengi. Usiku wa kawaida Kent au Suffolk siku hizi ni waitingi, waitingi, waitingi, na wale papa wadogo wa madoadoa wanaojiviringisha mkononi na ngozi yao ya msasa. Ukitaka nafasi nzuri zaidi ya chewa nenda kaskazini mashariki, Yorkshire kupanda mpaka Northumberland, kwenye miamba na mwani mnene, utapoteza ndoana na machubwi mpaka ulie lakini wapo.

Kwa hiyo mimi mwenyewe msimamo wangu umebadilika, siku hizi chewa nikimpata wa saizi ya katikati namrudisha, hata kama kapita kipimo. Kipimo cha sheria ni sentimita 35 kwa chewa, 27 kwa waitingi, 42 kwa besi (sea bass), na chini ya hapo hakuna mjadala. Besi wana na miezi yao ya kufungwa ambayo hairuhusiwi kubaki naye, inabadilishwa, kaangalie kwenye tovuti ya serikali kabla hujatoka. Leseni kwa samaki wa baharini ukiwa England na fimbo yako ufukweni huhitaji, isipokuwa samoni na trauti wa baharini, jambo ambalo wageni wengi wanaogopa bure. Na kumrudisha samaki winta kuna namna yake, lowesha mikono kwanza, usimlaze kwenye kokoto zenye barafu, usimpige picha kumi na tano huku upepo unamkausha matamvua. Piga moja. Ukishindwa kuonekana vizuri ni sura yako, sio kosa la samaki.

Waitingi nao tusiwadharau. Waliopita kipimo nabeba wachache, nyama yake laini, haikai, ipikwe siku hiyohiyo au kesho yake. Mshkaji anawaita takataka, lakini nikimwambia basi nichukue wa kwako wote ananyamaza.

Kwa wale wa meseji za Februari: tafuteni kozi fupi ya kurusha, nunueni jaketi la kuelea kabla ya fimbo ya bei mbaya, na kiangazi mkikuta maji yamekupwa kabisa siku ya bamvua nendeni mkapige picha ufukwe ukiwa wazi, muone mabonde yako wapi na miamba iko wapi, maana Novemba usiku hamtaona kitu. Halafu mwisho wa Oktoba anzeni kufuatilia utabiri wa upepo. Mshkaji wangu yeye kashaanza, jana kanitumia picha ya mawingu tu, bila maneno, nimemjibu tusubiri Alhamisi, upepo utageuka mchana na maji yanajaa saa tatu usiku, alete taulo lake.